Wosia upo, trasti ipo, lakini hati ya nyumba bado ina jina la marehemu

KaraniWaMirathi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Naona mada ya wosia imeshika kasi humu, na sasa limeingia wimbi jipya: trasti ya familia. Ile ambayo mtu anaianzisha akiwa hai, anaweka mali zake humo, anaendelea kuzisimamia mwenyewe, na siku akifa mdhamini aliyemteua anaendelea pale alipoishia. Watu wanauziwa kitu hiki kwa sentensi moja: "Ukiwa na trasti, familia haikanyagi mahakamani." Nataka tuijadili hiyo sentensi, maana imeshaumiza watu.

Mimi si wakili. Nipo ofisi ya mawakili, dawati la mirathi. Ndiye ninayefungua bahasha, kupanga nyaraka na kuandikia benki barua. Kwa hiyo nitaongea kama mtu wa makaratasi, na kwa ujumla, kwa kuwa kila nchi ina sheria zake.

Familia moja ilituletea hati ya trasti ya mzee wao. Imechapwa vizuri, ina jalada gumu na muhuri kila ukurasa. Wadhamini wametajwa, wanufaika wametajwa, hadi masharti ya mjukuu atakayeingia chuo yamo. Nikafungua ukurasa wa mwisho, jedwali la mali. Safu ya kwanza "Namba", ya pili "Maelezo ya mali", ya tatu "Namba ya hati au akaunti". Kwenye safu ya pili mtu ameandika kwa kalamu ya bluu: "Mali zangu zote." Safu ya tatu tupu. Nikaomba hati ya nyumba: jina la marehemu. Shamba: marehemu. Akaunti za benki, hisa, gari, kote marehemu. Hati ilikuwa imeandikwa sawasawa, ila trasti haikumiliki kitu. Wakafungua mirathi mahakamani kama familia nyingine yoyote, na gharama ya kuandika trasti ilishalipwa.

Ardhi haihami kwa kutajwa kwenye jedwali. Inahama kwa fomu ya uhamisho iliyosainiwa, ikalipiwa, ikasajiliwa kwa jina la mdhamini wa trasti. Akaunti inahama pale benki inapobadilisha jina la mwenye akaunti. Hisa zinahama kwenye daftari la wanahisa. Kuandika trasti ni kazi ya siku chache. Kuhamisha mali ndiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo wengi wanachoka.

Sasa kabla ya kuuliza "wosia au trasti?", chukua kila mali uliyonayo na ujiulize itahamaje ukifa. Kuna utaratibu. Zinatangulia zile ambazo tayari zina jina la mtu wa kuzipokea: nyumba au akaunti ya umiliki wa pamoja ambapo anayebaki hai anachukua yote, bima ya maisha, pensheni yenye mnufaika. Hizo haziuulizi wosia chochote. Zinafuata zilizo ndani ya trasti, kwa sababu mmiliki wake kisheria ni mdhamini, na mdhamini akifa anaingia mwingine. Kinachobaki ndicho wosia unachokigusa. Kama hakuna wosia, sheria ya nchi inagawa kwa kanuni zake. Watu wanadhani wosia uko mbele ya foleni, kumbe uko nyuma.

Karibuni.

SinaHaraka

Mkuu, hizi trasti si za matajiri? Mimi nina nyumba moja, pikipiki na akiba kidogo. Nikianzisha trasti si nitachekwa.

KaraniWaMirathi

Hutachekwa, ila huenda huihitaji. Kwa mtu mwenye nyumba moja, watoto wakubwa wanaoelewana na mwenza mmoja, wosia ulioandikwa vizuri unatosha, pamoja na kuhakikisha fomu za benki na pensheni zina majina sahihi. Trasti ina uendeshaji: akaunti yake, kumbukumbu zake, kuhamisha kila mali mpya unayonunua.

Inaanza kuwa na maana ukiwa na watoto wadogo, mtoto mwenye ulemavu atakayehitaji matunzo maisha yake yote, mali katika nchi zaidi ya moja, ndoa ya pili, au biashara ambayo ikisimama miezi sita inakufa. Na kuna sababu moja watu hawaitaji: kuugua. Mtu akipata kiharusi au akili ikianza kupotea, wosia hausaidii lolote, unasubiri afe. Trasti inamruhusu mdhamini mbadala kuingia kazini siku daktari anapothibitisha kwamba huwezi kusimamia mambo yako. Kwa mali iliyo nje ya trasti unahitaji hati ya uwakilishi, yaani karatasi inayomruhusu mtu kutenda kwa niaba yako, tena iliyoandikwa wazi kwamba itaendelea kufanya kazi hata ukipoteza uwezo wa akili. Na hati hiyo inakoma unapokata roho. Nimeshaona mtoto anakwenda benki na hati ya uwakilishi wiki moja baada ya mazishi, anashangaa wanamkatalia.

MamaPacha

Kaka Karani, asante kwa uzi. Nina mapacha wa miaka minne. Nikiweka kila kitu kwenye trasti, ninaandika humo pia nani atawalea?

KaraniWaMirathi

Hapana dada. Trasti inashughulika na mali. Mlezi wa watoto anatajwa kwenye wosia, na hata hapo mahakama ina neno la mwisho kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Kwa hiyo mwenye watoto wadogo anahitaji wosia hata kama trasti ipo.

Ushauri wangu, na huu ni wangu: anayelea na anayeshika pesa wasiwe mtu mmoja ikiwezekana. Dada yako anaweza kuwa na moyo wa kulea lakini hana nidhamu ya pesa, na shemeji mhasibu akawa hana subira na watoto. Watenganishe. Mlezi anapeleka mahitaji, mdhamini anatoa fedha na kuweka risiti. Muulizeni kila mmoja kabla ya kumwandika, maana mtu ana haki ya kukataa, na akikataa ukiwa umeshafariki inakuwa shughuli. Andika na mbadala wake.

Kuhusu umri: bila maelekezo, mtoto anakabidhiwa fungu lake lote akifika umri wa utu uzima, na sehemu nyingi ni miaka 18. Kwenye trasti unaweza kusema ada na matibabu yalipwe wakati wowote, theluthi apewe akiwa na 21, theluthi akiwa na 25, iliyobaki akiwa na 30. Usibane sana, lakini. Mdhamini aachiwe nafasi ya kuamua, maana huwezi kujua leo mtoto wa miaka minne atahitaji nini akiwa na ishirini.

KalamuNyeusi

Mimi ni wakili, naomba niongeze kwa Karani.

Aliyoyasema kuhusu trasti tupu ndiyo sababu mawakili makini huandika na wosia wa pembeni unaosema: "chochote nitakachokufa nacho nje ya trasti, kiingie kwenye trasti." Mfano unaojulikana ni wa Michael Jackson. Wosia wake wa mwaka 2002 ulipeleka kila kitu kwenye trasti ya familia yake. Lakini alipofariki mwaka 2009 mirathi ilifunguliwa mahakamani Los Angeles. Wosia wa namna hiyo unaokoa mgawanyo. Hauiokoi familia na mahakama, kwa sababu mali inapita kwanza kwenye mirathi ndipo iingie kwenye trasti.

Halafu mashahidi. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya mwaka 1837 inataka mashahidi wawili walio mahali pamoja, kwa wakati mmoja, wakati mwandika wosia anasaini au anapothibitisha saini yake mbele yao. Shahidi akiwa mnufaika, au mume au mke wa mnufaika, wosia unabaki hai lakini zawadi yake inakufa. Chini ya sheria hiyo hiyo, kufunga ndoa kunafuta wosia wa zamani, isipokuwa uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo. Nchi nyingi zilizorithi mfumo huo zina vifungu vinavyofanana. Nyingine hazina. Hakikisha ya kwako.

Na akili timamu: kipimo kinachonukuliwa hadi leo ni cha kesi ya Banks dhidi ya Goodfellow, 1870. Je, mtu anaelewa kwamba anaandika wosia, anajua kwa ujumla mali alizonazo, anawakumbuka watu ambao kwa haki wanapaswa kufikiriwa, na hana ugonjwa wa akili unaopotosha uamuzi wake? Mzee wa miaka 90 anayesahau siku ya leo anaweza kufaulu. Ukihofia kwamba watamsema, daktari amwone siku hiyo hiyo ya kusaini na aandike maelezo.

NgumiJiwe

Mimi lengo langu ni jingine wakuu. Nadaiwa hapa na pale. Naweka nyumba kwenye trasti, wanaonidai wanapiga chenga hewa. Nimekosea wapi?

KalamuNyeusi

Pawili, mkuu. Trasti unayoweza kuivunja muda wowote, hata kama hati ina jina la mdhamini, kwenye madeni na kodi bado inahesabiwa mali yako. Unaitawala, unaila, unaweza kuirudisha mfukoni kesho asubuhi. Wadai wanaifikia, na ofisi ya kodi pia inaihesabu kwako. Trasti isiyovunjika ndiyo inaweza kukinga, lakini hapo umeachia kweli. Nyumba si yako tena, huwezi kuiuza ukikwama.

Pili, ukihamisha mali huku madeni yapo mezani, mahakama inaweza kuutengua uhamisho huo ikiona ulikusudia kuwakwepa wadai. Umeshaandika nia yako hapa mtandaoni, kwa hiyo hata ushahidi umewasaidia kuutafuta.

NgumiJiwe

Aisee. Admin, hivi komenti inafutwaje?

AbuSalim

Assalaam alaykum. Wengine humu ni Waislamu na mirathi yetu ina mafungu yake, sehemu ambazo dini imempangia kila mrithi. Mnaongea trasti kana kwamba mtu anagawa apendavyo. Lisemeni na hilo.

KaraniWaMirathi

Wa alaykum salaam shekhe. Umefanya vizuri kutukumbusha. Wasia wa Muislamu hauvuki theluthi moja ya kinachobaki baada ya gharama za mazishi na madeni, na haumpi mrithi mwenye fungu lake isipokuwa warithi wengine waridhie. Theluthi mbili zinafuata mafungu. Kwa hiyo trasti inayotaka kwenda sawa na dini huandikwa ili kusimamia: kumtaja mdhamini, kutunza mafungu ya yatima hadi wakomae, kuelekeza theluthi kwa msikiti au ndugu asiyerithi. Mgawanyo wenyewe unabaki wa kifaraidhi.

Mtu akitaka kumpa mtoto nyumba akiwa hai, ile ni hiba, na hiba inataka makabidhiano ya kweli. Kusema "nimempa" huku unakusanya kodi ya pango mwenyewe hadi unakufa, warithi watahoji. Hapo mwone mwanazuoni kabla ya wakili.

KalamuNyeusi

Na si Waislamu peke yao. Ufaransa mtoto huwezi kumnyima sehemu yake. Ukiwa na mtoto mmoja nusu ya mali imetengwa kwa ajili yake, wawili wanatengewa theluthi mbili, watatu na kuendelea robo tatu. Uingereza unaweza kumwacha mtu nje ya wosia, lakini sheria ya mwaka 1975 inawaruhusu mwenza, watoto na waliokuwa wakitegemea marehemu kwenda mahakamani kudai matunzo yanayostahili. Kwa hiyo kabla ya kuandika "mwanangu fulani asipate hata kijiko", uliza sheria ya kwenu inasemaje. Na ukimwacha mtu kwa sababu, iandike sababu hiyo kwenye barua tofauti, kwa lugha ya upole. Matusi kwenye wosia huwapa kazi mawakili wa upande wa pili.

BiZawadi

Mimi ni mke wa pili baada ya mume wangu kufiwa. Ana watoto watatu wakubwa, mimi sina. Nyumba tunayoishi ni ya kwake. Ananiambia "usijali, wanangu ni watu wazuri." Nawapenda wale watoto, lakini nalala macho. Nikiuliza naonekana nataka mali.

KaraniWaMirathi

Pole dada yangu. Faili za namna hii ni nyingi kuliko unavyodhani, na mara nyingi watoto ni wazuri kweli. Tatizo linaanza pale mmoja wao anapokwama kifedha na nyumba ndiyo kitu pekee cha kuuza.

Kuna njia inayowatuliza wote. Nyumba inawekwa kwenye trasti, wewe unapewa haki ya kuishi humo maisha yako yote, na ukiondoka inaenda kwa watoto wake. Huiuzi, hawakutoi. Lakini mambo madogo yaandikwe, kwa sababu ndiyo yanayogombanisha: paa likivuja nani analipa? Bima na kodi ya ardhi? Ukitaka kuhamia nyumba ndogo zaidi, hii inaweza kuuzwa na nyingine kununuliwa ndani ya trasti ile ile? Ukiolewa tena je? Ukimpangisha mtu chumba? Na mdhamini asiwe mmoja wa watoto peke yake, wala wewe peke yako.

Jambo jingine, mume wako aangalie kama kuna mali aliyoandikisha kwa umiliki wa pamoja na marehemu mkewe. Watu wanafiwa na hawarudi kurekebisha hati. Na asikimbilie kukuandika wewe kwenye umiliki wa pamoja bila kutafakari, kwa kuwa akitangulia yeye nyumba yote ni yako, na watoto wake wanabaki na huruma yako tu. Huenda ndicho anachotaka, huenda sicho. Akichague akijua.

FundiMawazo

Talaka je? Mahakama ikishasema mtalaka wangu hana haki na pensheni yangu, si imeisha?

KaraniWaMirathi

Usiamini hivyo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya namna hiyo mwaka 2009. Mfanyakazi alitalikiana na mkewe, na katika hati ya talaka mke akaachia haki zake kwenye pensheni na akiba za kazini za mume. Mume hakubadilisha fomu ya mnufaika wa akiba aliyowekewa kazini. Alipofariki, kampuni ililipa zaidi ya dola 400,000 kwa mtalaka, kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa kwenye fomu. Mirathi ya marehemu ikashitaki, ikashindwa. Majaji walisema msimamizi wa mpango anapaswa kufuata nyaraka za mpango, si kuchunguza hati za talaka.

Hiyo ni sheria ya kwao, lakini benki na mifuko huwa inafanya kazi hivyo hivyo. Karani wa malipo anaangalia fomu, hana muda wa kusoma historia ya ndoa yako.

DadaMkubwa

Tuseme nimeandika yote hayo. Naficha wapi? Chini ya godoro?

KaraniWaMirathi

Wosia ukifichwa sana ni sawa na haupo. Aretha Franklin alifariki mwaka 2018, familia ikaamini hakuacha wosia. Mwaka uliofuata zikapatikana karatasi za mwandiko wake nyumbani: za mwaka 2010 kwenye kabati lililofungwa, na za mwaka 2014 kwenye daftari chini ya mito ya kochi. Watoto wake wakavutana hadi mwaka 2023, baraza la wazee wa mahakama Michigan lilipoamua kwamba zile za kwenye kochi ndizo wosia wake. Na Prince, aliyefariki mwaka 2016 bila wosia kabisa, mirathi yake ilichukua miaka sita kufika kwenye mgawanyo.

Nakala halisi ikae kwa wakili, benki au ofisi ya serikali inayopokea wosia kama kwenu ipo, na msimamizi uliyemteua ajue ilipo. Nakala halisi ikijulikana ilikuwa mikononi mwako na ikakosekana, katika mfumo wa Kiingereza mahakama huanza kwa kudhani uliiharibu kwa makusudi, na familia ndiyo itakayotakiwa kuthibitisha vinginevyo.

Na tafadhali, wosia ukishabanwa pini usiibandue ili upige fotokopi. Yale matundu mawili ya pini kwenye kona yananipa kazi. Msajili akiyaona anauliza: kulikuwa na ukurasa mwingine? Itabidi tuandike kiapo kueleza matundu. Usifute neno kwa kalamu na kuandika juu yake, pia. Rekebisho linahitaji saini na mashahidi kama wosia wenyewe. Yakiwa mengi, andika mpya na useme waziwazi kwamba unafuta ya nyuma.

Nywila za simu na akaunti usiziweke ndani ya wosia. Sehemu nyingi wosia ukishasajiliwa mahakamani, mtu yeyote anaweza kuomba kuusoma. Trasti kwa kawaida haipiti huko, na kwa baadhi ya familia usiri huo ndio faida kubwa kuliko zote.

SinaHaraka

Nimerudi. Nimechimba fomu yangu ya pensheni, niliijaza nilipoajiriwa. Mnufaika asilimia mia: mama. Mama alishatangulia mbele za haki. Mke na watoto hawamo. Sasa hiyo pesa inaenda wapi?

KaraniWaMirathi

Pole sana mkuu. Inategemea kanuni za mfuko wako. Ipo mifuko inayowalipa mwenza na watoto moja kwa moja, na ipo inayoirudisha kwenye mirathi yako, hapo inaungana na mali nyingine na kusubiri mahakama. Waombe kanuni zao kwa maandishi.

Kisha chukua fomu mpya. Jaza majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, herufi kwa herufi, maana "Mohamed" na "Muhammed" kwa benki ni watu wawili. Weka asilimia na hakikisha zinafika 100. Jaza na sehemu ya mnufaika wa pili, ile ambayo kila mtu anairuka. Kwa watoto wadogo, uliza kama wanakubali kuandika mdhamini badala ya jina la mtoto, la sivyo hela itakwama hadi akue. Ukiwasilisha, usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Baada ya wiki chache waulize kwenye mfumo wao jina linasomekaje, maana fomu inaweza kulala kwenye trei ya mtu.